HIC RHODUS au HAEC RHODUS? Mwenye Kilatini chake aje huku, mteja kanishikia hela

fundi_maandishi
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mi ni fundi wa kuandika mabango hapa Tanga, naandika kuta, vibao vya maduka, hata majina ya mashua. Sasa kuna mteja kafungua jim Ngamiani, kanipa karatasi imeandikwa HIC RHODUS HIC SALTA, anataka itokee ukuta mzima wa mbele ya vyuma, herufi za futi moja, nyeusi na kivuli chekundu. Nikapiga rangi ya chini, nikatandika mistari kwa uzi wa chaki, nikachora kwa penseli, na mstari wa juu nimeshaujaza rangi ya mafuta kabisa, imekauka.

Jana kaja mpwa wa mwenye jim, kijana wa chuo, kaangalia kasema fundi hapo pamekosewa, Rhodus kwa Kilatini ni jina la kike kwahiyo inatakiwa HAEC sio HIC. Nimeingia mtandaoni kweli nakuta hic ni ya kiume, haec ya kike, hoc ndo ile isiyo kiume wala kike. Bosi kasikia hivyo kashika nusu ya hela yangu mpaka nirekebishe, na rangi ya mafuta kuifuta kwenye ukuta uliopigwa plasta laini mnajua wenyewe shughuli yake, itabidi niskimu upya.

Ila mi kinachonitatiza ni kwamba Rhodus inaishia na -us kama Marcus, kama Petrus, sa hiyo uke inautoa wapi? Na hilo jina lenyewe lina maana gani, maana kuna aliyeniambia ni kisiwa na kuna aliyeniambia ni ua. Naombeni mnisaidie kabla sijashika msasa.

chaurembo_tz
Andika ASIYEFANYA MAZOEZI NA ASIGUSE KIOO, kila mtu anaelewa, Kilatini cha nini Ngamiani 😂

wa_seminari_zamani
Fundi weka msasa chini, usifute hata nukta. Mi nipo Bagamoyo, nilipita seminari ndogo enzi hizo Kilatini tunakaririshwa mpaka usiku unaota viambishi, nakwambia kwa uhakika maandishi yako yako sawa. Huyo kijana kapatia nusu.

Alipopatia: Rhodus ni jina la kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki na ni la kike kweli. Ukitaka ushahidi, Horace, mshairi wa Kirumi, kaanza shairi lake moja hivi, *Laudabunt alii claram Rhodon*, yaani wengine wataisifu Rhodes mashuhuri. Angalia hiyo claram, ina -am ya kike, ingekuwa ya kiume angesema clarum. Na hapohapo kaandika Rhodon badala ya Rhodum kwa sababu washairi wa Kirumi walikuwa wanapenda kubakiza mwisho wa Kigiriki, inaleta ladha ya kisomi kidogo, kama vile mtu wa kaswida anavyoachia neno la Kiarabu bila kulipindisha.

Alipokosea ni kudhani hic ya hapo ni "huyu" au "hii". Kilatini kina hic mbili. Kuna hic yenye i fupi ambayo ndo kionyeshi, hiyo ndo inabadilika hic, haec, hoc kufuata jinsia. Halafu kuna hic yenye i ndefu, unaivuta hiic, hiyo ni kielezi maana yake HAPA, na kielezi hakina habari na jinsia ya mtu, kinakaa vilevile. Kwenye maandishi ya kawaida hawaweki alama ya kuonyesha i ndefu ndo maana zinafanana. Mwulize huyo kijana swali dogo tu: hic ya pili imekaa mbele ya salta, na salta ni kitenzi cha kuamrisha, sasa kitenzi kina jinsia gani mpaka kichukue kionyeshi? Lazima ni hapa. Na ya kwanza nayo ni hapa, ndo uzuri wa ule msemo, hapa ni Rhodes, hapahapa ruka.

Chanzo chake ni hadithi ya Aesop, yule Mgiriki wa kale wa hadithi za mafunzo. Kuna mwanamichezo alikuwa hatakiwi sana kwao, akasafiri, aliporudi akawa anajigamba kila kijiwe kwamba kule Rhodes aliruka mruko ambao hata washindi wa Olimpiki hawaufikii, na mashahidi anao wakija siku moja watasema. Jamaa mmoja akamkata kauli, akamwambia bwana mashahidi wa nini, hapa ndo Rhodes, ruka tuone. Basi kwa jim huo ni msemo wa mahala pake kabisa, bosi wako kachagua vizuri.

fundi_maandishi
Ahsante sana mkuu, moyo umerudi. Ila sijapata bado ile ya -us. Nikienda kwa huyo dogo akaniuliza kwa nini ya kike nitajibu nini, siwezi kumwambia nimeambiwa mtandaoni.

mti_mrefu_lushoto
Hii ya -us ya kike mbona sisi watu wa misitu tunaishi nayo kila siku. Njoo huku Shume na Magamba uangalie majina ya kisayansi ya miti: ule mti wa huku juu tunaouita mwerezi ni Juniperus procera, sio procerus. Misonobari iliyopandwa ni Pinus patula, misaipresi ni Cupressus lusitanica, na ule mti wenye gamba la dawa ya tezi dume ni Prunus africana. Zote jina linaishia -us na sifa yake inaishia -a. Nilipokuwa kwenye mafunzo mkufunzi alituambia kwa kifupi kwamba kwa Warumi mti ni mwanamke, basi tukaandika tukafaulu mtihani 😄 Sikujua kama na visiwa vimo.

wa_seminari_zamani
Vimo, tena ni kanuni moja. Miti mingi, visiwa, miji mingi na baadhi ya nchi zikiwa na -us zinakuwa za kike: Cyprus, Delus, Samus, Lesbus, Corinthus, mpaka Misri yao Aegyptus. Kwa kisiwa sababu iko wazi, neno la kisiwa lenyewe kwa Kilatini ni insula, la kike, na kwa Kigiriki ni nesos, la kike vilevile japo na lenyewe linaishia -os kama Rhodos. Warumi walilipokea jina kwa Wagiriki likiwa tayari la kike, wakabadilisha -os kuwa -us ili liingie kwenye mashine yao ya Rhodus, Rhodum, Rhodi, Rhodo, jinsia hawakuigusa.

mwl_ngeli
Jamani mbona mnahangaika na mbali, mwambie huyo kijana akueleze KIBOKO. Kina ki- mbele kama kiti na kisu, lakini nani anasema kiboko kikubwa kinakuja akiwa anamaanisha yule mnyama wa mtoni? Tunasema kiboko mkubwa anakuja. Umbo ni la ngeli moja, upatanisho ni wa ngeli nyingine, kwa sababu upatanisho unamwangalia mwenye jina ni nani, hauangalii kavaa nini. Na ukisema kiboko kikubwa basi unazungumzia ule mjeledi. Rhodus ndo hivyohivyo, kavaa -us lakini ukimpa sifa unampa ya kike. Mtoto wa darasa la nne hakosei kiboko, ila akifika chuo akikutana na Kilatini anaona miujiza.

dogo_wa_raskazone
Mwalimu umeua 👏

fundi_maandishi
Hapo mwalimu nimeelewa moja kwa moja, hiyo ya kiboko nampelekea kesho asubuhi. Sa na ile ya ua?

bi_mwanaasha_chumbe
Mwanangu ya ua naijibu mimi maana nimelisoma sana hili. Kigiriki cha waridi ni rhodon, na jina la kisiwa ni Rhodos, ukiyasikia yanafanana mno, na wenyewe watu wa Rhodes waliushikilia huo mfanano, sarafu zao za zamani upande mmoja zina uso wa Helios, mungu wao wa jua, upande wa pili zina waridi. Kwahiyo aliyekwambia ua hakukudanganya kabisa, ila waridi hapo ni kama nembo ya kuchezea jina. Jina la mahali yawezekana ni la kale zaidi, la watu waliokuwepo kabla Kigiriki hakijafika visiwa vile, halafu waliokuja wakalisikia kwa masikio yao wakaliona ni waridi. Sisi hapa pwani hatujui hayo? Kila mji una hadithi ya jina lake na nyingi zimetungwa baada ya jina. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, anasema zamani kisiwa hicho kiliwahi kuitwa Ophiussa, yaani pa nyoka, na majina mengine pia.

Pindar, mshairi wa Kigiriki, yeye kalieleza kwa namna ya kishairi, kwamba miungu walipokuwa wanagawana ardhi Helios hakuwepo akasahauliwa, ndo akaona kisiwa kinapanda kutoka chini ya bahari akasema hicho changu, na Rhodos ni binti wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, na huyo binti ndo Helios alimwoa. Na hili bosi wako wa jim atalipenda: shairi hilo lilitungwa kumsifu bondia, Diagoras wa Rhodes, aliposhinda Olimpiki mwaka 464 KK. Wanawe na wajukuu zake nao wakashinda Olimpiki baadae, na mpaka leo uwanja wa ndege wa Rhodes una jina la Diagoras.

Halafu nikuongezee la utamu. Hilo rhodon lilikuwa linaanza na w, wrodon, na kwenye vibao vya udongo vya Wagiriki wa kale kabisa, kabla ya hizi alfabeti, kuna mafuta ya kujipaka yaliyotiwa waridi yameandikwa wo-do-we. Neno lina asili ya huko upande wa Uajemi, wrda, likaenda kwa Wagiriki kwa njia moja, na kwa njia nyingine likapita Kiaramu likaingia Kiarabu likawa ward, na Kiarabu kikatuletea sisi. Waridi. Ukienda maulidi ukapigwa marashi ya waridi na mrashi mpaka kanzu inalowa mabegani, ujue na Wagiriki wana sehemu yao kwenye neno hilo.

dogo_wa_raskazone
Shikamoo bibi. Sa hiyo h ya Rhodus inafanya kazi gani, si waandike Rodus tu tuokoe rangi ya fundi

bi_mwanaasha_chumbe
Marahaba mjukuu wangu. Kigiriki cha kale herufi r ikianza neno ilikuwa inatamkwa na pumzi, na Warumi wakawa wanaiandika rh kwa maneno yote ya namna hiyo. Ndo hiyohiyo unayoiona kwenye RHAPTA, bandari ya kale ya pwani yetu hii iliyotajwa na yule mfanyabiashara wa Kigiriki wa Misri kwenye kitabu cha safari za bahari, karne ya kwanza BK. Yeye mwenyewe anasema jina limetokana na mashua zilizoshonwa, na kushona kwa Kigiriki ni rhaptein. Mitepe hiyo jamani, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Watu wanabishana mpaka leo Rhapta ilikuwa wapi, kuna wanaoivutia Pangani, kuna wanaoivutia huko Rufiji. Na humohumo anataja kisiwa alichokiita Menouthias, cha chini chini chenye miti, watu wana mashua za kushona na mitumbwi ya gogo moja, na samaki wanatega kwa vikapu vya kusuka wanavyovifunga kwenye mlango wa maji. Nilipofika hapo nilicheka, nikasema hili si dema hili!

mti_mrefu_lushoto
Rhodesia nayo imetoka hapo?

wa_seminari_zamani
Hapana, ile ni ya Cecil Rhodes, ukoo wa Kiingereza, haihusiani na kisiwa.

mzee_wa_kutua_tanga
Mi nauliza tu, hiyo salta ni ruka au cheza? Maana nakumbuka enzi za madarasa ya siasa tulisomeshwa Marx na hii sentensi ilikuwemo, ila mkufunzi alisema ni kucheza ngoma.

wa_seminari_zamani
Mzee shikamoo, umegusa penyewe. Kusema kweli saltare kwa Kilatini cha kawaida ni kucheza ngoma, kuruka ni salire. Erasmus, msomi wa Kiholanzi wa zamani aliyeusambaza msemo huu kwa Kilatini, aliandika *Hic Rhodus, hic saltus*, na saltus ni nomino, mruko, kwahiyo hapa Rhodes, hapa mruko, na hiyo inafuata Kigiriki chake vizuri. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1820 akaunukuu hivyohivyo halafu akaupindua kwa Kijerumani akasema hapa pana waridi, hapa cheza, akiichezea ile Rhodos na rhodon aliyoieleza bibi. Marx akaja kwenye kile kitabu chake cha Brumaire mwaka 1852 akaandika salta na akaweka na waridi, na kwenye kitabu chake kingine, Capital, mwaka 1867 karudia salta. Tangu hapo salta ndo imeenea, na watu wanaielewa kama ruka. Kwahiyo fundi zote mbili zipo mjini, SALTUS ya wasomi wa zamani na SALTA ya Marx. Mi kwa jim ningebaki na salta maana inaamrisha, inamwambia mtu afanye.

mzee_wa_kutua_tanga
Marahaba. Basi mkufunzi wetu alikuwa sahihi, Mungu amrehemu, tulimcheka sana siku ile.

dogo_wa_raskazone
Na mtu akitaka kusema "nipo Rhodes" anasema in Rhodo?

wa_seminari_zamani
Hapo ndo penye raha yake. Hasemi in. Miji na visiwa vidogo kwa Kilatini havitaki kihusishi, jina lenyewe linabeba kazi. Rhodi maana yake huko Rhodes, Rhodum maana yake kwenda Rhodes, Rhodo kutoka Rhodes, basi. Visiwa vikubwa ndo vinawekewa, in Sicilia, in Sardinia, vinahesabiwa kama nchi. Rhodes ni ndogo kuliko Unguja yetu, na tena mji wake mkuu una jina hilohilo la kisiwa, ulijengwa mwaka 408 KK baada ya miji mitatu ya zamani, Lindos, Ialysos na Kameiros, kuungana, kwahiyo ukisema Rhodi hawakuulizi mji au kisiwa. Tiberius kabla hajawa kaisari alijitenga Rhodi toka mwaka 6 KK mpaka 2 BK, alikuwa kanuna na siasa za Roma.

Na hii isiwashangaze, sisi je? Tunasema naenda sokoni, nipo shambani, lakini nani anasema naenda Pembani? Naenda Pemba, imetosha. Ila Warumi na nyumbani na shambani waliviweka kwenye kundi moja na miji, domi ni nyumbani, ruri ni shambani, havina kihusishi.

fundi_maandishi
Wakuu nimerudi. Nimemkuta yule kijana asubuhi jim, nikamuuliza ile ya kitenzi kina jinsia gani, akakaa kimya, akafungua simu yake akasoma weee, mwisho akamwambia mjomba wake fundi aendelee. Kiboko sikufika hata kukitaja. Sasa tatizo jipya, bosi kasikia hadithi ya yule mjigambaji kafurahi, anasema sasa kwa nini tuweke Rhodes wakati tupo Tanga, anataka mstari wa pili upande wa vioo uwe na Tanga. Inawezekana kwa Kilatini? Isije kesho akaja mpwa mwingine.

wa_seminari_zamani
Inawezekana tena kirahisi. Tanga inaishia -a, inaingia kundi la Roma na Creta bila kubadilisha kitu: HIC TANGA HIC SALTA. Ukija kutaka kusema huko Tanga ni Tangae, kama Romae, na kwenda Tanga ni Tangam. Na hii ni ya kike ndani na nje, hakuna wa kubisha.

mwl_ngeli
Watu wa waja leo waondoka leo sasa tuna Kilatini chetu, hatari.

fundi_maandishi
Hahaha haya. La mwisho wakuu, kuna picha za mawe ya Kirumi nimeziona U yote imeandikwa V, RHODVS. Ni sawa nikifanya hivyo au ni makosa?

wa_seminari_zamani
Sawa kabisa, Warumi kwenye mawe walichonga V tu, U ya duara kama herufi ya peke yake imekuja baadae sana. Ila ukichagua V basi iwe V kila mahali kwenye ukuta, usichanganye.

fundi_maandishi
Basi ndo nimeshachagua, maana U ya mstari wa juu niliyoijaza upande mmoja umenenepa kuliko mwingine na ilikuwa inanikera. V napiga rula pande mbili namaliza. Bosi kanipa nauli na nusu ya ile nusu, iliyobaki ni siku ya kukabidhi. Nawashukuru sana, bibi na mzee shikamooni tena.

saluni_makorora
Fundi samahani natoka nje ya mada, kibao cha saluni futi nne kwa mbili unachukua shingapi? Kiswahili tu, sitaki Kilatini.

fundi_maandishi
Dada njoo faragha tuongee, ila kwanza kaandike unachotaka kwenye karatasi umpe mtu akusomee kwa sauti.